Sakafu ya marumaru: dawa rahisi inavyoleta hasara kubwa

KWA mkulima au mfanyabiashara mdogo aliyejenga nyumba kidogo kidogo, msimu hadi msimu, sakafu ya mawe huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuingia ndani, na miongoni mwa vile vilivyomtoa fedha nyingi. Huwekwa sebuleni, barazani au kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni. Miezi ya mwanzo hung'aa. Baadaye inafifia, mistari ya saruji kati ya kigae na kigae inageuka rangi ya udongo, na hapo ndipo msafishaji anapoitwa.

Msafishaji huyo mara nyingi ni kijana mwenye ndoo, brashi ya waya na chupa ya asidi ya kusafishia vyoo. Wengine hutumia hata maji ya betri. Anamwaga, povu linapanda, uchafu unatoka, na mwenye nyumba anaridhika akiona kazi inakwenda haraka. Maji yanapokauka, mng'ao nao umekwenda. Sakafu imebaki na weupe wa chaki, na ukipitisha kiganja unahisi ukwaruzo. Povu lile lilikuwa jiwe lenyewe likiliwa.

Chanzo cha hasara hii, kwa kiasi kikubwa, ni jina. Mitaani siku hizi neno marumaru limekuwa la kila kigae kinachong'aa, hata kile cha udongo uliochomwa kiwandani. Mwenye nyumba anasema ana marumaru, msafishaji anasikia vigae vya bafuni, na anatumia dawa ileile aliyozoea. Kigae cha kiwandani chenye uso wa kioo huvumilia dawa hizo kwa muda. Marumaru halisi, ile inayochongwa mlimani, haivumilii hata dakika moja.

Mkulima ana njia rahisi ya kulielewa jambo hili. Shamba likiwa na udongo wenye asidi nyingi, hushauriwa kumwaga chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Chokaa hiyo inapambana na asidi ya udongo, asidi inapungua, na chokaa nayo inatumika ikaisha. Marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi kwa muda mrefu mno. Anayemwaga asidi juu ya sakafu ya marumaru anafanya kazi ileile ya shambani, isipokuwa safari hii kinachotumika kikaisha ni sakafu.

Ndimu, siki, ukwaju, juisi ya matunda na soda pia zina asidi. Ndiyo maana meza na sakafu za marumaru jikoni huonyesha alama za mviringo ambazo hazitoki kwa kufuta. Watu huziita madoa, wakaongeza dawa, kumbe ni mahali ambapo jiwe limeshaliwa na hakuna cha kufuta.

Kulitambua jiwe kwanza

Kabla ya kukubali kazi au kununua dawa, jiwe litambuliwe. Njia ya gharama ndogo ni kudondosha tone moja la siki au ndimu mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango au chini ya kabati, na kusubiri dakika chache. Likitoa vipovu au kuacha alama iliyofifia baada ya kuoshwa, jiwe hilo ni la jamii ya chokaa. Humo zimo marumaru, mawe ya chokaa na mawe ya matumbawe ya pwani.

Zipo marumaru ambazo huchelewa kutoa povu, na sakafu iliyopakwa nta inaweza kudanganya. Kwa hiyo ncha ya kisu itumike kukwaruza kidogo pembeni. Marumaru hukwaruzika kwa kisu. Matale, yaani mawe ya aina ya yale makubwa yanayoonekana Mwanza na Iringa, hayakwaruziki kirahisi na siki haiyafanyi kitu. Mawe ya mchanga kama yale ya Mazeras, karibu na Mombasa, ambayo hutandikwa sana uani na kwenye njia za bustani, huonyesha chembe za mchanga na hunywa maji haraka. Hayo nayo yasipewe asidi, kwa kuwa baadhi ya mawe ya mchanga yameshikanishwa na chokaa hiyohiyo.

Terazo inastahili kutajwa peke yake, maana ipo katika shule, benki na majengo mengi ya zamani, na watu huidharau. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyochanganywa na saruji kisha vikasagwa hadi kuwa laini. Asidi inakula vyote viwili.

Hata kwenye sakafu ya matale, ile saruji inayojaza nafasi kati ya vigae, ambayo mafundi huiita grauti, huliwa na asidi. Ikipungua, maji hupita chini ya kigae, na baada ya muda kigae huanza kulia kama ngoma ukikigonga. Kufikia hapo tatizo si la msafishaji tena, ni la fundi ujenzi.

Adui wa kila siku ni mchanga

Asidi ikishawekwa kando, kinachomaliza mng'ao wa sakafu ni mchanga unaoingia na viatu. Chembe nyingi za mchanga ni ngumu kuliko marumaru, hivyo kila hatua inasugua sakafu kama msasa. Zulia dogo la kupangusia miguu nje ya mlango na jingine ndani, pamoja na kufagia kwa ufagio laini kila siku, huokoa fedha nyingi kuliko dawa yoyote ya dukani. Kwa nyumba za pwani, ambako wageni hurudi na mchanga wa ufukweni, si jambo la hiari.

Kudeki kunataka maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo na asidi wala magadi makali, kidogo tu. Watu wengi hukosea kwa kuzidisha sabuni. Sabuni isiyosuuzwa huacha utando unaoshika vumbi, sakafu inaonekana chafu upesi, kisha inaongezwa sabuni nyingine. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia dekio, na maji yabadilishwe yanapochafuka. Mwisho sakafu ikaushwe kwa kitambaa, hasa pale ambapo maji ya kisima ni ya chumvi na huacha madoa meupe.

Grauti iliyochafuka isuguliwe kwa brashi ngumu ya plastiki na uji mzito wa bekingi soda, au unga wa kung'arishia nguo usio na klorini uliokorogwa katika maji ya moto. Uachwe dakika 10 hadi 15, usuguliwe tena, usuuzwe vizuri. Brashi ya waya iachwe kabisa, maana inakwaruza jiwe na kuacha vijipande vya chuma vinavyopata kutu.

Lipo onyo ambalo halina mjadala. Jiki isichanganywe na asidi ya chooni, siki wala dawa yenye amonia. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kuua. Vijana wanaofanya kazi hii kwa mkataba wa haraka huchanganya dawa wakidhani wanaongeza nguvu.

Doa la mafuta ya kupikia lililozama ndani ya jiwe halitoki kwa kusugua, linavutwa. Unga wa chaki au unga mweupe wa mfinyanzi huchanganywa na asetoni hadi uwe kama siagi ya karanga, hupakwa juu ya doa kwa unene wa karibu sentimita 1, hufunikwa kwa nailoni na kuachwa saa 24. Baadaye nailoni huondolewa, unga ukauke wenyewe, kisha ukwanguliwe kwa plastiki. Doa la zamani huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Madirisha yawe wazi na jiko lisiwashwe karibu, kwani asetoni inashika moto kwa haraka. Madoa ya chai, kahawa au majani hutumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa badala ya asetoni, ila kwenye jiwe la rangi nyeusi ijaribiwe pembeni kwanza kwa kuwa inaweza kulififisha.

Kurudisha mng'ao

Sakafu iliyoliwa na asidi haitibiwi kwa nta. Nta huficha kwa wiki chache, kisha inageuka njano, inashika vumbi na kuifanya sakafu iteleze. Tiba ni kusaga upya uso wa jiwe kwa mashine inayozunguka taratibu, yenye pedi za almasi, huku maji yakimwagiwa muda wote. Fundi huanza na pedi yenye makali, kwa mfano namba 100 au 200, akapanda hadi 400, 800, 1500 na 3000. Kila pedi hufuta mikwaruzo ya pedi iliyotangulia, na fundi anayeruka namba ili amalize mapema ataiona mikwaruzo hiyo jua la jioni litakapopiga sakafuni. Mwenye nyumba naye ataiona.

Maji yana kazi mbili: kupoza jiwe na kuzuia vumbi. Vumbi la matale na la mawe ya mchanga lina silika, ambayo huharibu mapafu bila dawa ya kuyarudisha. Kusaga mawe hayo yakiwa makavu kwa grainda ndani ya nyumba, kitambaa kikiwa kimefungwa puani, ni kujiua polepole. Na kwa kuwa maji na umeme viko pamoja, waya wa mashine uwe mzima na nyumba iwe na swichi inayokata umeme wenyewe pakitokea hitilafu.

Hapa ndipo hesabu ya mjasiriamali inapoingia. Vijana wengi hutoza kwa chumba, au kwa kumtazama mteja alivyovaa. Bei iwe kwa mita ya mraba, na ndani yake uwemo uchakavu wa vifaa. Tuchukulie, kwa mfano tu, mashine ya shilingi 1,800,000 inayotarajiwa kufanya kazi 120 kabla ya kuchoka. Kila kazi tayari imeshabeba shilingi 15,000 za mashine, kabla ya pedi, umeme, usafiri na siku za vibarua. Asiyeihesabu ataona ana faida kila Jumamosi, na siku mashine ikifa atakuta hana fedha ya kununua nyingine. Ni kosa lilelile la mkulima asiyehesabu jembe na nguvu za familia yake anapopanga bei ya gunia.

Kwa mwenye nyumba, hesabu ni fupi zaidi. Chupa ya asidi ni rahisi, lakini kusaga upya kunalipwa kwa kila mita iliyoguswa na asidi hiyo. Mwenye nyumba ya wageni hupoteza pia mapato ya siku ambazo mapokezi yake yamefungwa.

Kuziba vitundu vya jiwe

Jiwe la asili lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Dawa ya kuziba inayozama ndani huingia humo na kuyazuia maji na mafuta yasipenye haraka. Wauzaji wengine huinadi kana kwamba ni ngao ya kila kitu, jambo ambalo si kweli. Dawa hiyo hupunguza madoa, lakini haizuii asidi kula uso wa marumaru. Ndimu itaacha alama ileile hata kwenye sakafu iliyozibwa jana.

Kujua kama sakafu inahitaji kuzibwa, maji kidogo humwagwa juu yake. Yakizama na jiwe likabadilika kuwa jeusi ndani ya dakika chache, linahitaji. Yakibaki juu kama matone kwenye jani la mgomba, fedha ziwekwe mfukoni. Matale mengine yamebana kiasi kwamba hayainywi dawa hiyo kabisa.

Sakafu izibwe ikiwa safi na kavu hadi ndani, maana uchafu uliofungiwa chini hautoki kwa dekio. Grauti mpya ipewe siku ilizoandikiwa kwenye mfuko wake ikauke. Dawa hupakwa kwa kitambaa au brashi, huachwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na ile iliyobaki juu hufutwa kabla haijakauka. Ikiachwa huganda na kutengeneza utando unaonata.

Nyumba nyingi za zamani za pwani zina tatizo jingine. Sakafu zake zilimwagwa bila nailoni ya kuzuia unyevu, hivyo maji na chumvi hupanda kutoka ardhini na kutokea kama unga mweupe. Ukipaka juu yake vanishi au dawa inayotengeneza ngozi, unyevu unakosa pa kutokea, na ngozi hiyo inabanduka vipande vipande ikiwa na uso wa jiwe. Sakafu ya namna hiyo iachwe ipumue, chumvi ifagiliwe ikiwa kavu, na kama ni lazima kuziba, itumike dawa inayoruhusu mvuke kupita.

Kabla ya kazi kuanza, pande zote mbili ziandikiane. Karatasi moja yatosha: aina ya jiwe, ukubwa kwa mita za mraba, dawa itakayotumika, kasoro zilizokuwepo, na nani atalipa likitokea la kutokea. Kipande cha pembeni chenye ukubwa wa kigae kimoja kifanyiwe kazi yote, kuanzia kusafisha hadi kuziba, na kiachwe hadi kesho yake. Mwenye nyumba akikitazama asubuhi kikiwa kimekauka na akakikubali, malipo ya awali yatolewe na vyombo vianze kuhamishwa.