Je, Wajua Dhahabu Huyeyuka kwa Mwendo wa Hewa?

Dhahabu, ambayo haishiki kutu wala haidhuriki kwa maji, huyeyuka bila moto katika mmumunyo hafifu wa sayanaidi, yaani chumvi yenye sumu kali ambayo hujifunga na dhahabu hadi ikachukulika na maji. Njia hiyo, iliyobuniwa Glasgow na John Stewart MacArthur na wenzake mwaka 1887, imefika hadi Mpanda mkoani Katavi, ambako marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya wachimbaji wadogo kukamata dhahabu kwa zebaki, hujazwa katika matangi na kuloweshwa kwa siku nyingi.

Kasi ya mmenyuko, maana yake kiasi cha dutu kinachobadilika kwa muda fulani, hutegemea kwanza ukubwa wa uso unaoguswa. Kipande cha jiwe chenye sentimita 1 kila upande kina uso wa sentimita 6 za mraba, lakini kikisagwa kuwa chembe milioni 1 za milimita 0.1, uso huo hufikia sentimita 600 za mraba, na ndiyo maana karasha hutangulia tangi. Hata hivyo, unga ukizidi ulaini hugeuka tope ambalo maji hayalipenyi.

Hewa ndiyo yenye neno la mwisho. Kila atomi 4 za dhahabu huhitaji molekuli 1 ya oksijeni, na maji ya nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, tena pungufu kidogo katika mwinuko wa Mpanda. Kwa hiyo kuzidisha sayanaidi kupita kiwango hakuharakishi kitu, bali huongeza gharama na sumu. Joto nalo, ambalo kwa kawaida huchochea mmenyuko kwa kuzipa chembe nguvu ya kugongana, huifukuza oksijeni hiyo hiyo majini.

Miamba ya Mpanda, ambayo risasi yake ndiyo iliyovuta reli kutoka Kaliua, ina shaba pia, na madini mengi ya shaba hunyang'anyana sayanaidi na dhahabu. Kabla ya yote hayo huwekwa chokaa, kwa kuwa maji yakipoteza ubesi, sayanaidi hugeuka haidrojeni sayanaidi, sumu inayoua kwa kuvutwa puani na inayochemka kwenye nyuzi 26, joto ambalo mchana wa Mpanda hulifikia.