Una uvimbe maji kwenye kongosho? Usipaniki, lakini usiusahau

Umeenda hospitali Handeni au Korogwe kwa sababu ya tumbo, umepigwa altrasaundi, halafu daktari anakwambia kuna uvimbe wenye maji kwenye kongosho. Hapo wengine wanapaniki na kuanza kuaga ndugu. Wengine wakisikia maumivu yametulia wanaiweka karatasi ya majibu chini ya godoro na kurudi shambani. Wote wanakosea.

Kongosho liko wapi?

Limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kazi yake ni kutoa maji ya kusaga chakula na insulini ya kuthibiti sukari. Kwa kuwa limejificha ndani sana, uvimbe mdogo hauonekani kwa macho wala kugusika kwa mkono. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati tu, mtu akiwa anapimwa kitu kingine.

Je, ni saratani?

Mara nyingi si saratani. Jibu linategemea aina ya uvimbe:

• *Unaobaki baada ya kongosho kuvimba.* Chanzo huwa pombe nyingi au mawe kwenye nyongo. Huu haugeuki saratani, na unaweza kuisha wenyewe.

• *Wenye maji mepesi.* Ni nadra sana kugeuka saratani.

• *Wenye ute mzito.* Huu ndio wa kuchunga. Kuna unaowapata zaidi wanawake wa umri wa kati, na kuna unaoota ndani ya mirija ya kongosho. Ukiwa kwenye mrija mkuu hatari ni kubwa, na mara nyingi madaktari hushauri upasuaji. Ukiwa kwenye mirija midogo ya pembeni hatari ni ndogo, hivyo wengi hufuatiliwa tu kwa vipimo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kupauka, kukonda bila sababu, au maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni. Kisukari kinachoanza ghafla ukubwani huku mwili unakonda nacho kisipuuzwe. Wengi wetu tukiumwa tumbo la juu tunasema ni vidonda vya tumbo na kununua dawa duka la dawa miezi na miezi. Dawa ikishindwa, rudi ukapimwe.

Kwa nini unapewa rufaa?

Altrasaundi pekee haitoshi. Gesi ya tumboni huziba kongosho lisionekane vizuri, na picha yake haimalizi swali la aina ya uvimbe. Kinachohitajika ni CT-Scan au MRI, na wakati mwingine kamera inayopitishwa mdomoni ili maji ya uvimbe yavutwe na kupimwa. Ndiyo maana mtu wa Handeni au Korogwe anaweza kupelekwa Bombo pale Tanga, na baadaye KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam. Ni safari na ni gharama, kweli. Lakini uvimbe hatari ukitolewa kabla haujageuka, saratani inazuiwa. Saratani ya kongosho ikishasambaa, upasuaji hauwezi tena kuiponya.

Na mitishamba? Hakuna dawa ya kunywa, ya hospitali wala ya mganga, iliyothibitishwa kuyeyusha uvimbe wa ute.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Uvimbe wangu ni wa aina gani?
2. Una ukubwa gani? Ukifika sentimita 3 unahitaji uangalizi wa karibu zaidi.
3. Ndani yake kuna kinyama kigumu? Mrija mkuu umetanuka? Majibu ya "ndiyo" hapa yanaongeza hatari.
4. Nirudi lini? Kwa wengine ni baada ya miezi 6, kwa wengine mwaka au zaidi.

Tarehe ya kurudi iandike kwenye simu yako, na mwambie mtu mmoja nyumbani. Picha na majibu yote yatunze. Daktari atakayekupima mwakani atataka kulinganisha ya zamani na mpya, maana uvimbe unaokua haraka ndio unaotia shaka. Acha pia sigara, na pombe punguza au acha kabisa, kwani vyote viwili huliumiza kongosho.