Perugia: Kujienjoy Juu ya Mlima Ukiwa Umesota

Wasee wengi wakisikia Italia, akili inaruka Roma, Milano na Venezia, zile base za picha kali ambapo kukalia kiti tu na kahawa kunamaliza fare yako ya wiki. Lakini kama form yako ni kuionja Italia na mfuko umetoboka, skia hii: panda mlima. Perugia iko Umbria, katikati kabisa ya nchi, kitu kama mita 490 juu ya usawa wa bahari, na ni tao ya mastudee. Chuo yao kubwa ilianza 1308. Iko ingine, Università per Stranieri, ambayo imekuwa ikifunza wageni Kiitaliano tangu miaka ya 1920. Sasa tao imeishi na wanafunzi karne saba lazima ijue kukaa na watu hawana doh. Ndio maana inabamba: vitu zake tamu zaidi ni za bure ama za bei ya kuokota. Chenye utalipa kila siku ni magoti.

Kupanda

Treni kutoka Roma inakula masaa mawili na nusu ama matatu hivi, saa zingine unabadilisha Foligno. Itakushukisha Fontivegge, na hapo bado uko bondeni. Tao yenyewe unaiona huko juu ikikucheki. Usijifanye ngangari na begi mgongoni. Ingia Minimetrò, tubehewa tudogo hatuna dere wala makanga, tunavutwa na kebo ya chuma. Ilianza 2008, na steji zake zilichorwa na Jean Nouvel, msanifu wa Ufaransa mwenye jina kubwa. Hakuna stori ya kungoja gari ijae. Kamoja kakiondoka, kengine kanaingia. Tiketi ni ile ile ya basi za tao. Shuka steji ya mwisho, Pincetto, na hapo uko hatua chache tu kutoka katikati. Rada moja: usiku inafunga mapema. Kama keja yako iko huko chini na umeenda sherehe, jipange na basi au miguu.

Njia ingine ndio mimi ningekupeleka. Kutoka Piazza Partigiani kuna ngazi za umeme zinapanda zikipitia ndani ya mlima, na zinakutupa kwa Rocca Paolina. Hapa kuna stori noma. Mwaka wa 1540 Papa Paolo III alipandisha ushuru wa chumvi. Watu wa Perugia wakagoma, ikawa vita, wakachapwa. Papa akaona awafunze adabu mara moja: akajenga ngome kubwa juu ya mtaa wa akina Baglioni, familia iliyokuwa ikiwika hapo. Manyumba mengine hayakubomolewa, yalifunikwa tu kama yalivyo. Utawala wa Papa ulipoondoka 1860, wananchi wakaivunja hiyo ngome kwa hasira yote waliyokuwa wameiweka, lakini ya chini ikabaki. So leo unatoka kwa ngazi ya umeme unajipata kwa barabara ya zamani yenye dari juu: milango, madirisha, njia panda, vitaa vya manjano. Hao mamathe wenye kapu za soko wanapita, mastudee na headphones wanapita, hakuna mtu anashtuka. Hulipi hata ndururu.

Chemchemi ya kuzungukwa

Ukitokea juu, nyosha na Corso Vannucci mpaka mwisho, Piazza IV Novembre. Hapo katikati iko Fontana Maggiore, chemchemi iliyojengwa kati ya 1275 na 1278 na Nicola Pisano akisaidiana na kijana wake Giovanni. Watalii wengi hupiga selfie wakahepa. Wewe zunguka mos mos. Beseni ya chini iko na pande 25, na kila upande umechongwa picha mbili. Tafuta zile za miezi. Kila mwezi umepewa kazi yake: Juni wasee wanavuna, Septemba wanakanyaga zabibu, Desemba wanachinja nguruwe. Imagine, hustle ya mtu wa kawaida imekaa kwa jiwe karibu miaka 750, sako kwa bako na watu wa Biblia na mashujaa wa Roma.

Na si urembo tu. Maji ilitolewa Monte Pacciano, nje ya mji, ikapandishwa kwa mfereji mpaka hapo juu, na hiyo enzi ilikuwa kazi ya kujigamba nayo. Mfereji wenyewe sasa ni njia ya miguu, Via dell'Acquedotto. Unatembea juu ya matao, na chini yako ni mabustani na paa za watu. Hii pia ni bure.

Ukichoka, kaa kwa ngazi za kanisa la San Lorenzo. Ukuta wake wa mbele haujawahi kumalizwa mpaka wa leo, na hakuna anayejali, juu hizo ngazi ndizo base ya kila mtu. Mbogi zinakutana hapo, wapenzi wanakosana hapo, gitaa linatoka hapo.

Mwalimu na mwanafunzi

Kama wewe si mtu wa majumba ya sanaa, sikulazimishi. Galleria Nazionale dell'Umbria iko hapo hapo kwa Palazzo dei Priori, na Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni free. Lakini moja usiruke. Panda Porta Sole, pale juu kabisa, utafute kakanisa ka San Severo. Ukutani kuna mchoro mmoja wenye mikono miwili. Sehemu ya juu ilichorwa na Raffaello karibu 1505, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Akaacha kazi nusu, akaenda kutafuta maisha, akakuwa staa wa Roma, akakufa 1520. Mwaka uliofuata walimuita mwalimu wake, Perugino, mzee tayari, aje amalizie pale chini. Ukisimama mbele yake unaona mpaka: juu watu wamekaa kwa mawingu wamejaa nguvu, chini watakatifu wa mzee wamepanga laini, wametulia. Mwalimu anamalizia homework ya mwanafunzi aliyemshinda, na tayari ameshamzika. Kachumba ni kadogo, mara nyingi utakuwa solo.

Msosi

Kudishi hapa kuna siri. Kiti kwa restaurant kina bei yake, wanaiita coperto, so mchana kula umesimama. Kitu ya kuulizia ni torta al testo, mkate bapa unaopikwa juu ya bamba moto, unapasuliwa katikati unajazwa vitu. Mtu amelelewa na chapo ataielewa kabla hajaambiwa. Umbria inapenda nguruwe vibaya, so kama huli, sema mapema uwekewe mboga na jibini. Mkate wa kawaida hauna chumvi kabisa, na ukiuliza, wenyeji watakurudisha kwa ile ngori ya Papa na ushuru. Wanahistoria wengine wanabisha hiyo stori, lakini mtaani ndio inauzwa. Kahawa nayo kunywa kwa kaunta, umesimama, dakika mbili, ukihepa. Maji jaza chupa yako kwa bomba za barabarani.

Ya kubebea dem ama mathe ni Baci, chokoleti iliyozaliwa hapa 1922 kwa kampuni ya Perugina. Kila moja imefungwa na kakaratasi ka maneno ya mapenzi ndani. Kiwanda kiko San Sisto, nje ya tao, na kina jumba la makumbusho ukitaka kuona mashine na kuonja.

Jioni

Saa kumi na mbili hivi Corso Vannucci inageuka. Kila mtu anatoka: mabuda na koti zao, watoto, mastudee, wote wanatembea juu chini bila kwenda mahali. Hakuna kiingilio, luku tu. Halafu aperitivo: unanunua kinywaji kimoja, na base zingine zinakuletea vitafunio vya kukutuliza mpaka usiku. Chagua zenye mastudee wamejaa. Wao wameshafanya hesabu.

Ukiwa na nguvu bado, shuka mpaka Arco Etrusco, lango la mawe makubwa lililosimama tangu karne ya tatu kabla ya Kristo. Linatazamana na hiyo chuo ya wageni, kwa hivyo hapo chini utaskia lugha za dunia nzima zikibonga Kiitaliano kibovu bila aibu. Kama ulikulia Malindi ama Watamu, umeshinda sisi wa Kanairo. Hapo ndio utaona faida ya kubonga na watalii Waitaliano tangu utotoni. Endelea na Corso Garibaldi mpaka mwisho, utafika kanisa la San Michele Arcangelo, la mviringo, moja ya makanisa ya zamani zaidi Umbria. Nguzo zake zilitolewa kwa majengo ya Kirumi na hazifanani.

Lini uende

Julai ndio kunawaka. Umbria Jazz ilianza 1973, na imeleta majina kama Miles Davis na Prince. Shoo kubwa za uwanjani unalipa, lakini kuna steji za bure Piazza IV Novembre na Giardini Carducci, na bendi ya Funk Off inapita barabarani ikipuliza mpaka ngazi zinacheza. Shida ni keja: bei inaruka na vitanda vinaisha, so book mapema sana. Ukitaka tao ikiwa ya wenyewe, enda Oktoba au Novemba, mastudee wakiwa wamerudi. Beba jaketi, huko juu upepo hauna adabu. Assisi iko nusu saa hivi na treni, siku moja inaitosha.

Visa ya Schengen ianze mapema; hiyo na ndege ndizo gharama zitakuuma kuliko zote. Baada ya hapo budget inakaa sawa. Roma itakungoja mpaka upate mkwanja. Perugia inataka magoti, na magoti hayangojei pesheni.