Fanya Mtihani Mzima, Usiumege

Kila ikifika Aprili, Waswahili wenzangu wa hapa Minneapolis huniletea watoto wao wanaojiandaa kwa mtihani wa AP wa uchumi jumla. Mwanafunzi wa sekondari akipata alama nzuri humo, vyuo vingi vya Marekani humhesabia somo hilo kuwa ameshalimaliza. Watoto huja na madaftari safi, kila ukurasa umepakwa rangi. Nawaambia wayafunge, tunaanza na mtihani mzima.

Nasema mzima kwa makusudi. Mtihani huu wa College Board una maswali 60 ya kuchagua jibu kwa dakika 70, mapumziko mafupi, kisha maswali 3 ya kujieleza kwa saa moja. Anayefanya maswali machache leo kwenye basi na machache kesho jikoni hajui atakuwaje akifika swali la 50, kichwa kimechoka, naye anaulizwa thamani ya sarafu itakwenda wapi riba ya ndani ya nchi ikipanda. Jambo alilolijua asubuhi linamponyoka. Heri limponyoke kwangu, mapema.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa St. Louis waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83, na waliojipima asilimia 71. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Hilo nawaeleza wazazi wanaoona mtoto hasomi kama hainamii kitabu.

Sehemu ya kuandika ndiyo inayofichua zaidi. Akiba za benki zikiwa haba, Benki Kuu ikinunua hati fungani, ujazi wa fedha huongezeka, riba hushuka, wawekezaji hukopa, mahitaji ya jumla hupanda, na pato halisi na bei hufuata. Aliyezoea kusoma tu huruka kutoka Benki Kuu hadi kwenye bei, na alama za katikati zinapotea. Mwingine huchora mistari ya grafu sawasawa lakini haandiki majina ya mihimili. Hilo nalo humpunguzia alama.

Kisha tunasahihisha, na hapo hatuna haraka. College Board hutoa hadharani maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihishia, kwa hiyo kalamu nyekundu anaishika mtoto mwenyewe. Kando ya kila kosa anaandika sababu: sikujua, sikusoma swali vizuri, au muda uliniishia. Asiyejua ndiye wa kurudi kitabuni.

Binti mmoja alikuwa akikosea swali la kodi kila mara. Watu wakitumia senti 80 katika kila dola ya nyongeza, matumizi ya serikali ya dola 100 yanaweza kukuza pato kwa dola 500, lakini punguzo la kodi la dola 100 hukuza kwa 400 tu. Alikuwa ameikariri kanuni bila kuielewa. Nilimwambia, “Mwanangu, ifuate dola ya kwanza.” Serikali ikinunua, zote 100 zinaingia sokoni palepale, ukimpunguzia mtu kodi, kwanza anaweka akiba 20. Akaandika hivyo kwa maneno yake, pembeni ya karatasi.

Karatasi za zamani zina kasoro moja. Machi 2020 Benki Kuu ya Marekani ilifuta sharti la benki kushikilia kiwango fulani cha akiba, na siku hizi mtihani huuliza pia jinsi sera inavyofanya kazi benki zikiwa na akiba tele. Karatasi ya 2012 haina hilo. Itumie kwa mahitaji na ugavi, lakini kwa sera ya fedha tafuta mpya.

Maswali ya kuchagua usiache hata moja wazi, maana jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Na mtihani wa mwisho wa mazoezi ufanye wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia siku yenyewe, ili upate nafasi ya kurekebisha utakachokigundua.