Mgonjwa wa selimundu akihema, moyo pia upimwe

Familia zinazoishi na mgonjwa wa selimundu huzijua dalili zake: maumivu makali ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu. Kwa hivyo mgonjwa akianza kuhema anapopanda mlima kule Wundanyi au akielekea sokoni Voi, watu husema damu imeshuka. Huenda ni kweli. Lakini wakati mwingine tatizo liko kwenye moyo.

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto huupata akirithi jeni yake kutoka kwa baba na mama pia. Si laana, wala si kosa la mama.

Je, moyo unaingiaje hapa? Chembe nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120. Ya mgonjwa wa selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Zinapovunjika kwa wingi hivyo, mishipa ya mapafu hubana. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kutumia nguvu zaidi. Baada ya miaka, upande huo hutanuka, na vali iliyo kati ya vyumba vyake viwili hushindwa kufunga sawasawa. Damu huvuja na kurudi ilikotoka.

Tatizo hili huwapata zaidi watu wazima. Mwone daktari ukiona:

- unahema kwa kazi ndogo uliyoizoea;
- miguu inavimba;
- moyo unaenda mbio bila sababu;
- uchovu hauishi hata baada ya kuongezwa damu.

Kifua kikiuma, homa ikipanda au mgonjwa akizimia, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitalini mara moja.

Moyo hupimwa kwa ultrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti na haina maumivu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika, utapewa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi. Beba kitabu chako cha kliniki na umweleze daktari kuhema kulianza lini.

Ikiwa umeandikiwa haidroksiurea, usiiache kwa sababu unajisikia nafuu. Dawa hii husaidia chembe zisivunjike haraka, na kwa njia hiyo huupunguzia moyo mzigo.