Kutendesha na Kuagiza: Lugha ya Amri katika Michezo ya Makazi

Makala haya yanahusu jambo dogo la sarufi ambalo limepata kazi mpya. Ipo michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hupewa watu wachache katika nchi tupu, akatakiwa kuwasimamia wajenge, walime, wachimbe na kujilinda. Kwa Kiingereza huitwa michezo ya koloni. Hapa naiita michezo ya makazi, maana neno koloni kwetu lingali na uchungu, wala si la kuchezewa.

Katika iliyo bora ya michezo hiyo mchezaji hana mamlaka kamili. Dwarf Fortress, iliyotolewa mwaka 2006 na ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, humruhusu kutia alama mahali panapotakiwa kuchimbwa. Bali nani atachimba, na saa ngapi, ni shauri la mbilikimo wenyewe, ambao huenda wamelala, au wanakunywa, au wameshikwa na majonzi. RimWorld ya Tynan Sylvester, ambayo toleo lake kamili lilitoka mwaka 2018, humwachia mchezaji kuzipanga kazi za kila mtu kwa daraja, toka 1 mpaka 4. Kumwongoza mtu hatua kwa hatua ni hasa pale anapoitwa vitani. Katika Majesty ya mwaka 2000 mashujaa hawaamrishwi kabisa. Mchezaji husimika bendera yenye zawadi, na anayeitamani huenda.

Sasa mfasiri anafika. Mbele yake pana kitenzi kitupu cha Kiingereza chenye maana ya kuchimba, kisicho na nafsi wala dalili ya anayeambiwa. Kwa haraka ataandika *Chimba!* Hapo ameharibu mchezo kabla haujaanza, kwa sababu amri hiyo yamtaka mtu mmoja, aliye mbele yako, atende sasa. Mtu huyo hayupo. Mchezaji akiona saa zinapita na mwamba ungali mzima, atadhani mashine ni mbovu, kumbe lililo bovu ni neno.

Wenye kupenda mfano wa karibu na wautazame ramani ya Usinge, katika wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora. Stesheni yake ipo juu ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na nchi hii ya magharibi ya Tabora ndiyo misafara ya Ujiji iliyokuwa ikiikata kuelekea vivuko vya Malagarasi. Husemwa kwamba gari-moshi *huendeshwa*; msafara *uliongozwa*. Hakuna aliyepata kusema kwamba kirangozi aliuendesha msafara, isipokuwa kwa kumsuta.

Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, katika kitabu chake cha 1860 anaeleza asubuhi za kambini: wapagazi wameuzunguka moto, na mwenye mali hana hakika kama leo ni safari au ni kukaa mpaka ukelele utoke kwa watu wenyewe. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao na mapatano yao, nao waliweza kugoma. Kinyume chake kimo katika *Maisha* ya Tippu Tip, ambayo Whiteley aliyatafsiri, yakachapishwa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Wapagazi wa Kizaramo walipomtoroka, alirudi akakusanya watu akawatia minyororoni. Huko ndiko kutendesha hasa.

Tofauti hiyo yaweza kupimwa. Sentensi *Nimemwagiza achimbe, lakini hakuchimba* ni Kiswahili safi. *Nimemchimbisha, lakini hakuchimba* haisimami. Sehemu ya pili yaikanusha ya kwanza. Kauli ya kutendesha hudai kwamba tendo limekwisha tokea, na kwamba hiari ya mtendaji haikuhesabiwa. Ndiyo maana twamlisha mtoto na kumwendesha punda, na mtu mzima akisema *amenifanyisha kazi* huwa ana malalamiko. Msomaji mjuzi atanijibu kwamba *ongoza* na *agiza* navyo vina umbo la kutendesha. Ni kweli kwa umbo. Lakini *aliwaongoza, hawakumfuata* hakuna atakayeikataa; maana ya kulazimisha imekwisha kufifia katika vitenzi hivyo.

Basi mfasiri ana nini mkononi? Ana umbo la -e, ambalo kwa maoni yangu limefanyiwa kazi hii hasa. Kwa RimWorld, *Juma apike kwanza, kisha alime*: tendo linatakiwa, mtendaji anajulikana, utekelezaji umebaki kwake. Kwa Dwarf Fortress lugha yetu ina kitu kizuri zaidi, yaani umbo hilo katika kauli ya kutendwa: *kisima kichimbwe*, au kwa ngeli ya mahali, *pachimbwe hapa*. Mtendaji hatajwi. Alama imetiwa ardhini, na aliye na nafasi na sururu atakuja. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuiamuru ardhi kwa upole namna hiyo. Majesty haihitaji amri yoyote, yahitaji kirejeshi cha wakati ujao: *Atakayekwenda kupeleleza ng'ambo ya mto atapewa doti mbili.* Bendera yote imo katika *-taka-ye-*. Na *Nenda!* iwekwe akiba kwa ajili ya vita.

Yako malalamiko ya haki kwamba mamlaka yenye mipaka huudhi. Huudhi pale ambapo sababu imefichwa. Mpagazi aliyekataa kuondoka alikuwa na sababu iliyoweza kuulizwa: posho, homa, mzigo mzito. Katika RimWorld nako wapo watu ambao, kwa maisha yao ya nyuma, hawafanyi kazi fulani hata wakipangiwa. Hapa ukanushi wetu una utajiri usiotumiwa. *Hawezi kuchimba* ni habari ya mwili au ya ujuzi. *Hachimbi*, ikisemwa juu ya aliyeagizwa, yasikika kuwa amekataa, nayo yamtaka mchezaji aende kuuliza shauri. *Hakuchimba* imefunga mlango. Ama *hajachimba* yasema kwamba agizo lingali hai na mtu angali huru, na ndiyo hali ya maagizo mengi katika Dwarf Fortress kwa muda mrefu wa mchezo. Mfasiri aliyeandika *Chimba!* hatakuwa na pa kuiweka.