Dhamana ya hisa za kuazima: sheria ni moja, dalali ana yake

Nchini Marekani, anayeuza hisa za kuazima huanza kwa kuweka dhamana. Huazima hisa kwa dalali akitarajia bei itashuka, huziuza, kisha huzinunua tena ili azirudishe. Kanuni inataka akaunti yake iwe na asilimia 150 ya thamani ya hisa hizo: 100 ni fedha za mauzo yenyewe, ambazo hubaki zimeshikiliwa, na 50 zinatoka mfukoni mwake. Kwa hisa za dola 10,000, basi, anatoa 5,000. Mwenye mtaji usiofika dola 2,000 haruhusiwi kabisa.

Kuanzia hapo, mtaji wake usishuke chini ya asilimia 30 ya thamani ya hisa kwa bei ya siku. Katika mfano huo, bei ikipanda kwa asilimia 16 tu, ameshavuka mpaka na dalali anadai nyongeza. Hisa za chini ya dola 5 hubanwa zaidi: hisa ya dola 1 inadai mtaji wa dola 2.50.

Maofisa huvitaja viwango hivi kuwa kinga ya mwekezaji mdogo. Sokoni hayasemwi hayo. Mfanyabiashara mmoja analalamika kwamba kinachomuumiza si kiwango cha kanuni bali cha dalali, ambaye mkataba unamruhusu kukipandisha wakati wowote, kununua hisa kwa fedha za mteja bila kumwarifu, kisha kumdai hasara iliyobaki. Ada ya kuazima nayo hupanda hisa zikiadimika, na mwenye hisa akizitaka sharti zirudi, hata bei ikiwa juu. Malalamiko hayo yana msingi: hasara ya biashara hii haina kikomo, na mwenye mtaji mdogo ndiye anayebanwa kwanza.

Si kila hisa inauzika hivi. Tangu 2005, kabla ya kupokea oda, dalali sharti awe na sababu za kuamini kwamba hisa zitapatikana. Kwa kanuni ya 2010, hisa ikianguka asilimia 10 kwa siku, oda hizi hukubaliwa tu kwa bei inayozidi ile ya juu kabisa wanayotoa wanunuzi, siku hiyo na inayofuata.

Marufuku kamili haikusaidia. Mwaka 2008 hisa za taasisi za fedha karibu 800 zilifungiwa kwa takriban wiki tatu. Bei ziliendelea kuporomoka, na ofisa mmoja wa ngazi ya juu alikiri baadaye kwamba gharama zilionekana kuzidi manufaa.

Tangu Mei 2024 mauzo hukamilishwa ndani ya siku moja ya kazi badala ya mbili, hivyo muda wa kutafuta hisa umepungua. Huenda madalali wakubwa wakamudu. Kwa wateja wao wadogo, haielekei kwamba masharti yatalegezwa.